Mlango wa Maria

Jumapili iliyopita nilipita soko la Gare du Midi, hapa Ubelgiji, kutafuta ndizi za kupika, nikakutana na harufu iliyonisimamisha katikati ya watu. Thimu kavu, yale majani ya kiungo ya milimani, imefungwa mashada kwa uzi mwekundu. Nikachukua shada moja nikalibandika puani kama mtu mwenye mafua. Muuzaji, mzee wa Kigiriki mwenye masharubu, akaitazama misuko yangu, akautazama uso wangu, akauliza kwa Kifaransa, "Madame, wewe unatoka wapi hata uijue hii?" Nitawaambia nilimjibu nini, lakini ngojeni kwanza. Jibu lenyewe nililipata nikiwa na miaka tisa, na bila kisa chake mtadhani sikufunzwa adabu.

Tulikuwa tunakaa Ixelles, orofa ya juu kabisa, karibu mno na Matonge, mtaa wa Wakongo, hata harufu ya samaki wa chumvi ilipanda ngazi bila kualikwa. Maman alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwanamke wa mwili na sauti. Papa pia wa Lubumbashi, ila yeye mpole, mweupe-mweupe, na utotoni wenzake walimwita "mutoto wa Mugreke". Hawakumsingizia. Baba yake, Yorgo, alikuwa Mgiriki mwenye duka la samaki mjini humo. Alikuwa na mke wa ndoa na binti katika nyumba kubwa, na nyuma ya soko alikuwa na bibi yangu, aliyemzaa Papa. Kila Agosti, siku ya Bikira Maria, Yorgo alifunga duka akagawia watoto peremende, kwa sababu mama yake kule kisiwani kwao aliitwa Maria. Kisha serikali ikachukua maduka ya wageni. Yorgo akapanda ndege na mke na binti, akamwambia Papa, "Nitakuita." Weee! Papa alingoja hadi akaota ndevu. Akasoma, akaja Ubelgiji, akaoa, na nilipozaliwa akanipa jina la Maria. Ndugu za Maman walinuna, maana walikuwa na jina lao tayari.

Jioni Papa alikuwa akifanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Kigiriki, na ni huko alikoambiwa kwamba Yorgo bado mzima, yuko kijijini kwake juu ya mlima. Papa akakaa na habari hiyo kimya majira yote ya baridi. Aliyechoka ni Maman.

"Bon," alisema. "Weye uko na papa. Mutoto iko na nkambo. Tutaenda kumusalimia. Alors?"

Nkambo kwetu ni babu, na hakuna aliyewahi kuishinda alors ya Maman, ile "sasa je?" yake. Kiangazi kilipofika tukapanda ndege, kisha meli, kisha pikapu iliyotupandisha mlimani huku Maman akimtaja kila mtakatifu anayemjua na wengine ambao nadhani aliwabuni njiani. Kwenye kila kona upepo ulituletea harufu ile ya thimu, na mbuzi, na moshi wa kuni.

Kijiji kilikuwa cha mawe, nyumba zimebebana mgongoni, njia zake zote ni ngazi. Wanawake walivaa vitambaa kichwani na mabuti ya ngozi, na walioka mikate katika matanuri ya nje. Maman alipanda ngazi zile kwa viatu vya kisigino na kitenge cha ndege wakubwa wa kijani. Wao wakatazama visigino, yeye akatazama mabuti, na naapa kila upande ulimhurumia mwenzake. Tukapanga chumba kwa mama mmoja mjane, Sofia, aliyekuwa amefanya kazi Liège, kwetu Ubelgiji, ujanani na alijua Kifaransa cha kutosha kutugombeza.

Yorgo tulimkuta asubuhi yake kwenye mkahawa wa wazee. Papa alikuwa amevaa suti yake ya harusi. Kigiriki alichokijua kilikuwa cha jikoni tu, sahani, limau, haraka, kwa hiyo akamwamkia kwa Kiswahili. "Jambo, Papa. Ni miye."

Mzee hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. Akawaambia wenzake kitu, nao wakainama. Sofia, aliyetupeleka pale, akatutafsiria: alisema hamjui mtu huyu. Nilimchukia pale pale, kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kusema hivyo. Papa akanishika mkono, tukarudi kwa Sofia.

Jioni akaja binti wa mzee, shangazi yangu kwa damu. Alikuwa amesoma Lubumbashi, Kifaransa chake kizuri kuliko chetu. Papa alimkumbuka, msichana aliyepita na gari kwenda shule. Hakukaa. Alisema mzee hana watoto wengine, kwamba keshokutwa ni sikukuu ya Bikira, kijiji kizima kitatoka, na tafadhali tuondoke kabla ya hapo tusiwatie aibu. Alipotoka, Papa akaanza kukunja nguo zake, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

"Unafanya nini?" Maman akauliza.

"Tunarudi. Amekatala."

"Hatukukuya kulomba kitu. Tunakuya kusalimia, na salamu haiyaisha. Rudisha iyo chemise."

Sofia alikuwa mlangoni akisikiliza bila kuelewa neno, lakini uso wa Papa aliuelewa. Akanigeukia, akauliza jina langu. Nilipomwambia, akajipiga paja. Maria! Basi akatueleza desturi yao. Siku ya Bikira, kila anayeitwa Maria anafungua mlango. Watu wakitoka kanisani wanaingia kumtakia maisha marefu, wanaonja kitu, wanaenda kwa Maria mwingine. Haibishwi hodi, hachaguliwi mtu. Hata mliogombana hampiti mlango wa Maria ulio wazi, kwa maana ni kumpita Bikira mwenyewe. Na njia ya kutoka kanisani, alisema huku akicheka kwa meno yake yaliyobaki, inapita hapa mlangoni kwangu.

Siku hiyo Maman aliamka kabla ya jogoo akakanda unga. Akakaanga mikate, ile ya kwetu ya mviringo, ndugu ya maandazi, inayouzwa moto barabarani, mpaka kijiji kikanuka Lubumbashi. Mimi nilivalishwa gauni la kitenge lililoshonwa Matonge, nikawekwa kwenye kiti mlangoni, sinia mapajani. Papa alikataa kutoka. Alikaa ndani, nyuma ya mlango, na suti yake.

"Kaa wima," Maman alininong'oneza. "Mutoto uko na jina, na jina iko na siku yake."

Watu wakaanza kushuka. Wa kwanza walinitazama, wakafanya ishara ya msalaba, wakasita. Mkojo ulinibana, jua lilinipiga usoni, lakini nikasema moyoni, sitoki, hata nikijikojolea sitoki. Kisha watoto wakaifuata harufu. Kisha bibi mmoja wa mabuti akaja, akanishika kidevu, akauliza neno, na Sofia akanitafsiria: "Wewe wa nani?"

Papa alikuwa amenifunza nijibu, wa Papa. Nikasahau, au nilikasirika, sijui. Nilimwona Yorgo akishuka ngazi, shangazi amemshika mkono. Nikamnyooshea kidole. "Wa yule."

Kidole hakihitaji mkalimani. Bibi akageuka, njia nzima ikageuka. Bibi akafanya ishara ya msalaba, akachukua andazi, akanibusu kwenye paji la uso, akaingia ndani. Wengine wakamfuata. Kila mmoja aliuliza lile lile, "Wewe wa nani?", nami nilijibu kwa kidole, hata nikaamini kwamba ndiyo salamu yao.

Mzee akafika mlangoni. Shangazi akamvuta apite. Yeye akasimama. Nikasogeza sinia, na kwa kuwa nilikuwa msichana mwenye adabu, nikamsalimia kama nilivyosalimiwa, ila kwa Kiswahili chetu.

"Na weye, wa nani?"

Akasema kitu chini ya masharubu.

"Sisikii," nikamwambia. "Sema na nguvu."

Mzee akavua kofia. "Niko papa ya papa yako," alisema, kwa Kiswahili cha soko la Lubumbashi, kikavu lakini kizima. Shangazi akaficha uso kwa kitambaa. Papa akatoka nyuma ya mlango.

Hawakukumbatiana. Mzee aliuliza, "Mama yako iko?" Papa akasema, "Alikufa. Alikungoya." Halafu akavuta kiti, akampa mikate, akasimama mbele yake mpaka alipomaliza kula. Nami nikakimbilia msalani.

Kwa miaka mingi nilidhani tulishinda kwa sababu sinia liliisha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Maman hakumfungulia mzee mlango ule. Aliufungua ili Papa atoke nyuma yake. Papa hakumsamehe siku ile, na sidhani alimsamehe baadaye, lakini tulipoteremka mlimani alikaa nyuma ya pikapu, kifua mbele, upepo usoni, akimwambia kila mpita njia jina lake na la baba yake.

Basi yule muuzaji wa thimu alipouliza ninatoka wapi, nilimtazama machoni. "Na wewe, wa nani?"

Akacheka, akanitajia baba yake, babu yake na kijiji chake. Nikamwambia, "Mimi Maria wa Yorgo, wa juu mlimani. Siku ya Bikira mlango wangu huwa wazi kule Ixelles. Njoo, na usibishe hodi."