Glasi ya Nyanya kule Mugunga

Ipo siku moja ya kambini Mugunga ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa kichwa changu sasa ni cheupe chote. Nikusimulie polepole, maana na wewe una watu waliokimbia vita wanalala sebuleni kwako.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika baa ya hoteli moja hapa Goma, karibu na ziwa. Aliyenifundisha ni Papa Kasereka, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi. Alisifika kwa kinywaji kimoja: maji ya nyanya, vodka, ndimu, chumvi, pilipili, na jani la seleri juu yake. Ukikinywa mara ya kwanza unadhani umepewa mchuzi baridi. Kilikuja na Wazungu. Wengine walisema kilianzia Paris, wengine Amerika, na sijasikia kama walipatana. Wao walikiita Maria wa damu. Papa Kasereka hakulipenda jina hilo, na vita vilipoanza hakulitaja tena. "Damu tunaiona ya kutosha," alisema. "Sisi tuseme glasi ya nyanya."

Kinywaji chenyewe hakikuwa na namna moja. Mfanyabiashara mmoja wa Beni alikitaka bila pombe, pilipili nyingi. Karani mmoja wa Bukavu alitaka bia badala ya vodka. Papa Kasereka aliwauliza kila mara wanakitakaje, hata wale aliowajua kwa miaka.

Kisha mapigano yakaukaribia mji. Hoteli ikafungwa, nasi tukafuata barabara ya Sake kwa miguu mpaka Mugunga, tukajenga vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki, juu ya mawe makali ya volkano. Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, aliyetoka upande wa Rumangabo pamoja na dada yake. Mume wake aliuawa njiani. Tangu wamzike, hakusema neno. Dada yake alimshika kichwa na kumtilia uji mdomoni, na uji ukarudi wote. Tulimwona anakwisha mbele yetu.

Asubuhi moja Papa Kasereka alipata nyanya kwa akina mama waliotoka Sake. Akazichemsha, akaziponda, akazichuja kwa kitambaa safi, akaomba chumvi, pilipili na ndimu kwa majirani. Pombe haikuwapo, wala hakuitafuta. Akaketi na kikombe chake juu ya jiwe mbele ya Mama Furaha, akainama kidogo, kama alivyowainamia wageni wa hoteli.

"Mama, nikuwekee chumvi?"

Akangoja. Akauliza tena kwa sauti ileile. Jua likapanda, na mimi nikachoka.

"Papa, tumpe tu vile iko," nilinong'ona.

Hakunitazama. "Acha, mutoto. Watu wote wanamuamulia huyu mama. Hakuna mwenye amemuuliza kitu tangu afike."

Akamgeukia tena. "Na pilipili, mama? Kidogo?"

Midomo yake ikasogea. "Pilipili hapana," alisema, sauti ikikwaruza. "Bwana yangu ndiye alipendaka pilipili. Mimi hapana. Weka ndimu. Mingi."

Papa akakamua ndimu mbele ya macho yake, mpaka yeye mwenyewe aliposema inatosha. Mama Furaha akakipokea kikombe kwa mikono yake, akanywa nusu, kisha akalia kilio ambacho, dada yake alituambia, hakukitoa hata kwenye kaburi la mume wake. Dada yake akapiga magoti akamkumbatia. Papa Kasereka akanivuta mkono, tukawaachia nafasi.

Sitakudanganya kwamba alipona siku hiyo. Zilikuwapo siku alizokataa tena. Lakini aliishi, akasaidia kulea watoto wa dada yake kule Mabanga, akazikwa akiwa mzee.

Basi, mwanangu, wageni wako usiwatendee kama mzigo mmoja uliofungwa pamoja. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na wapendwa wake amepoteza pia nafasi ya kusema: nataka hiki, sitaki kile. Mrudishie hiyo, hata kwa jambo dogo. Muulize, halafu unyamaze, umngoje. Kungoja ndiko kugumu. Na jibu lake likikuudhi, lipokee vilevile.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Aulinde mlango wako na wote wanaolala nyuma yake, na siku utakapochoka wewe, usikose mtu wa kukuuliza unataka nini.