Kofia ya Upepo ya Kipa wa Shituru

Kipa mzuri, watu wa Shituru walisema, ni yule asiyekipenda kichwa chake. Basi Dominique hakukipenda hata kidogo. Mshambuliaji akija mbio na mpira, makipa wengine hutanguliza mikono. Yeye alitanguliza kichwa, mikono ikafuata nyuma kama wageni waliochelewa. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, katika nyumba za kampuni, na nilimwambia mara nyingi kwamba Mungu hampi mtu kichwa cha akiba. Alicheka tu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, mshahara ulipokwisha kugeuka hadithi. Kiwanda cha shaba kilikuwa kinazimika kidogo kidogo. Wanaume waliamka, wakavaa ovaroli, wakaenda mpaka getini, wakarudi. Kitu kilichobaki hai ni timu. Jumapili baada ya ibada tulikwenda uwanjani sote, na mechi ikichezwa tulijiona tena watu wenye kazi.

Siku tulipocheza na timu ya machimbo ya Kakontwe, goti la mtu lilimkuta Dominique kichwani. Alilala katika vumbi, kisha akafumbua macho na kuuliza kwa upole kwa nini maji yanapiga kelele vile. Alizaliwa Mwadingusha, karibu na bwawa. Aliyokuwa akiyasikia ni maji ya mto Lufira. Pale uwanjani hapakuwa na maji hata ya kunywa. Aliinuka, akamaliza mechi, tukambeba mabegani.

Baada ya hapo alitembea polepole kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Kila kitu, alinieleza, kilikuwa na ukungu mweupe, na ukungu wenyewe haukuwa mbaya. Alikaa nje akitazama bomba refu la kiwanda na kunionyesha moshi wake. Bomba lile lilikuwa limenyamaza siku nyingi. Lakini alivyousimulia ule moshi, jinsi ulivyopanda, ukalala juu ya mabati, ukaenda zake taratibu, nami nilianza kuuona, na moyo wangu ukafurahi kijinga. Nusu ya Shituru ilikuwa inaota wakati ule. Yeye aliota macho wazi, basi.

Mke wake, Élisabeth, hakuona raha yoyote katika ukungu huo. Aliogopa, na alikuwa na haki. Ndipo siku moja akarudi sokoni na kitu alichokichomoa kwenye rundo la mitumba: kofia ngumu kubwa, yenye vyuma mbele ya uso. Eugène, nahodha wa timu, aliwahi kuiona katika gazeti lenye picha. Alisema Wamarekani wana mpira wao, wanaubeba mikononi na kugongana vichwa kwa makusudi, na hiyo ndiyo kofia yao. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Watu wazima, wana mishahara, wanagongana vichwa!

Ndani yake mlikuwa na vifuko vya mpira vilivyonywea, na tundu dogo. Eugène alichukua sindano ileile ya kujazia mpira wa timu, akaiingiza, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Vifuko vikavimba, vikamshika Dominique kichwa pande zote. Élisabeth akampiga kwa mwiko. Dominique akasema hasikii maumivu. Waliving'oa vile vyuma ili mwamuzi asinune, na Jumapili kofia ikapelekwa kanisani, mchungaji akaipaka mafuta na kusoma habari ya chapeo ya wokovu. Baada ya mafuta yale, nani angethubutu kusema kofia haitoshi? Ingekuwa kumwambia Mungu kwamba amepungukiwa.

Kwa hiyo Dominique akawa jasiri kuliko zamani. Alijitupa miguuni mwa watu kama anayejitupa kitandani. Mechi ya tatu aligonga mlingoti wa goli, na mlio wake tuliusikia mpaka nyuma kabisa. Akavua kofia: damu hakuna, nundu hakuna. Tulipiga makofi, akina mama wakaimba. Alipotapika nyuma ya goli, tulisema ni maharage.

Élisabeth hakusema ni maharage. Alimpeleka kwa Claire, muuguzi wa zahanati, ambaye alimtazama macho, akamfanya asimame kwa mguu mmoja, akamwona anayumba.

“Casque inachunga mufupa,” Claire akamwambia Élisabeth, akiigonga ile kofia kwa kidole. “Bongo iko ndani, inatingika. Ukiangusha ndoo ya mayai, ndoo haipasuke. Mayai njo inapasuka. Alale, mama. Na mpira, hapana tena. Akipigwa ingine, pengine hatarudi.”

Dominique alilala siku chache. Alisema amepona. Tulikuwa na mechi kubwa na timu ya Panda, na mtaa mzima ulikuwa unamngojea. Mimi pia nilimngojea, sikatai. Élisabeth alimsihi, akalia. Dominique alimjibu kwamba kofia imeombewa.

Jumapili hiyo Eugène alikuja kumchukua. Dominique alikuwa mlangoni, viatu miguuni, kofia kwapani. Binti yao Jaël, mtoto wa miaka minne hivi, alitoka ndani akamshika suruali. Dominique akamtazama pale chini. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa wema ule tunaowapa watoto wa wengine.

“Weye ni mutoto ya nani, mama?” akamwuliza.

Mtoto alicheka. Alidhani baba anamchezea.

“Ya weye,” akasema.

Hakuna aliyecheka naye. Kutoka mlangoni kwangu nilimwona Dominique akitafuta jina, midomo ikisogea, na jina halikuja. Aliketi kizingitini. Eugène aliinama kumwuliza kama anaumwa.

“Mipira yote niliyoshika, niko nayo mu kichwa, Eugène,” Dominique akasema. “Ya Kakontwe, ya Panda, yote. Jina ya huyu mutoto, haiko. Naogopa. Muende.”

Eugène aliondoka peke yake, na tulifungwa vibaya. Hakuna aliyemlaumu Dominique, au waliomlaumu hawakunisemesha mimi, maana wananijua ulimi.

Dominique hakusimama golini tena. Miezi ilipita, mingine ya giza, mingine afadhali. Jaël aliupenda ule mchezo: kila asubuhi alimwendea baba yake mkekani na kumwambia, “Miye ni Jaël, mutoto ya weye,” naye alimshukuru kama mtu aliyeletewa kitu, kisha akalisahau jina tena. Élisabeth aligeuza uso kila mara.

Halafu siku moja, wakati wa chakula, bukari, ugali wetu, imeshapakuliwa, mtoto yuko kwangu anachezea unga. Nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili wa ukuta, ya kawaida, yenye hasira kidogo ya njaa.

“Jaël! Kuya, tukule.”

Nilimsikia Élisabeth akianza kulia. Mtoto alijipangusa mikono kwenye gauni, akaenda kula.