Mwiko Uliolika Upande Mmoja

Kazi yangu hapa mjini Fort Worth, ughaibuni, ni kupiga picha vitu vya watu nisiowajua. Vinatoka kwenye kijiji cha kale mno, ufukweni huko kaskazini ya mbali, ambako barafu inayeyuka na bahari inakula nyumba zilizofukiwa. Kitu cha mti kikitoka matopeni hukauka na kupasuka. Kwa hiyo nakiweka kwenye kisahani kinachozunguka, nakipiga picha mamia, na kompyuta inaziunganisha kuwa umbo moja lisiloweza kuoza. Sheria yetu ni moja: usisafishe, usinyooshe. Masizi yabaki masizi.

Siku moja nikafungua kisanduku kilichoandikwa kwamba matumizi ya kifaa hiki hayajulikani. Nilicheka peke yangu. Hayajulikani kwa nani? Ulikuwa mwiko, tena wa mtu mkaidi, umelika upande mmoja kwa kukandamizwa chunguni miaka nenda miaka rudi. Nikakumbuka jikoni kwa mama, mvuke wa ugali, na ule mwiko alioubeba kutoka nyumbani Kenya, ameufunga kwenye leso.

Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba ni mwiko, walitaka ushahidi. Nikampigia mama simu ya video, huko mji wa Katy anakoishi na kaka yangu, nikamwonyesha.

"Huyo alikuwa anapika na mkono wa kushoto," alisema papo hapo. "Wangu ulikuwa umeisha huu upande mwingine."

"Ulikuwa?"

"Si uliutupa siku ya kuhama?"

Kweli niliutupa. Siku ya kumhamisha kutoka kwangu niliutia kwenye mfuko wa taka, kwa kuwa ulikuwa umeungua na kupinda, nikamnunulia mpya. Mganga hajigangi: mwiko wa mgeni nina picha zake mia nne, wa mama sina hata moja. Na miaka yote nilijidanganya kwamba hakujua.

"Nilidhani huku-notice, mama."

"Nililitafuta hilo jiti kwa maboksi wiki mzima. Halafu nikaona ule mpya kwa drawer, nikajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana kuninunulia."

Nililia pale pale, glavu mikononi, nisiweze hata kujifuta. Mama akaniacha nilie kidogo.

"Basi," alisema, "huo wa mwenzangu upige picha vizuri."