Zabibu za Bruno Siku ya Mazishi Yake

Hulda Lehnert alikuwa akishindilia matango ya siki kwenye mtungi simu ilipolia. Nesi akamwambia polepole kwamba mumewe, Bruno, amefariki. Hulda akakaa chini, akasali, kisha akauliza, "Alisema nini?"

"Alisema mtu asiguse zabibu zake kabla hazijaiva."

"Huyo ndiye Bruno," akasema, ndipo akaangua kilio.

Mizabibu hiyo ya shirazi, aina ya zabibu nyeusi za divai, ilipandwa na babu wa babu yake Bruno, minene kama mapaja, haijawahi kumwagiliwa maji. Ofisa wa serikali alipopita bonde lao la Barossa akiwashawishi wakulima waing'oe walipwe, Bruno alimpa sururu. "Anza wewe, bwana. Chakula cha mchana nitakuletea." Ofisa akakumbuka ana safari.

Kila mwaka majirani wakivuna, Bruno alitafuna mbegu ya zabibu, akatema, akasema bado. Hata siku ya harusi Hulda alimsubiri kanisani. Bwana harusi yuko shambani anatema mbegu.

Asubuhi ya mazishi wingu zito likatanda. Mvua ikizikuta zabibu mitini, zitapasuka na kuoza zote. Oskar, mdogo wake marehemu, akaja mbio na suti yake.

"Shemeji, tungevuna jana!"

"Kaka yako alisema ziive kwanza."

"Kaka hayupo! Nani atatuambia zimeiva?"

Hulda akaingia shambani na viatu vya kanisani, akachuma zabibu, akatafuna. Mbegu ikavunjika mdomoni kama karanga ya kukaanga. Akatema mbali.

"Zimeiva. Vua koti."

"Na maiti?"

"Bruno amewasubirisha watu maisha yake yote. Leo asubiri yeye."

Mchungaji Zwar akatokea akihema. "Mama Hulda, ibada ni saa nane!"

"Mvua haina saa, Mchungaji. Ndoo ile pale."

Mchungaji akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, akakunja mikono ya joho. Waombolezaji wakavuna na nguo zao nyeusi, wapiga tarumbeta wa kanisa wakabeba ndoo. Zabibu zote zikaingia tangini, chini ya paa.

Jioni wakamzika. Wabebaji walishika kamba kwa mikono iliyogeuka zambarau kwa maji ya zabibu, wakamshusha, wakaimba kwa Kijerumani, lugha ya mababu zao. Hulda akatupia udongo. "Lala, mume wangu. Bwana atakuamsha." Mvua ikaanza. Wanaume wakafukia kaburi, wakavaa kofia zao, wakamsindikiza nyumbani.