Magunia Thelathini ya Kailemia

Tangu Kailemia anunue koti jeupe la maabara, hakuna aliyemwona bila hilo koti. Alikula nalo chapati kwenye mesi ya chuo, akalivaa hadi kanisani kwao Kiirua, na akina mama wakaanza kumwita daktari. Hakuwasahihisha. Mimi Wambeti ni fundi wa maabara katika chuo kimoja kidogo hapa Embu, huu mwaka wa kumi na tisa, na nimeona wanafunzi wa kila aina: waoga, wavivu, hata mmoja aliyejichoma nyusi akitaka kujua kama spiriti inawaka. Wote hao nawaheshimu kuliko Kailemia. Yule wa nyusi angalau alijaribu kitu.

Mahali pamoja tu koti lenyewe halikuonekana: kazini. Alisaga mahindi ya utafiti wake bila barakoa, bila glavu, koti likiwa limetundikwa msumarini lisije likachafuka. Nikimwambia kwamba vumbi hilo ndilo lenye sumu, anacheka.

"Madam, sisi tumekula mahindi tangu tuzaliwe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha.

Utafiti ulihusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi ambayo huioni kwa macho na kuchemsha hakuiondoi. Kikundi cha mama yake kilikuwa na magunia thelathini ghalani, mahindi yaliyonyeshewa wakati wa mavuno. Akina mama walitaka kujua jambo moja: je, wanaweza kuwapikia uji watoto wa chekechea ya kanisa? Kailemia alitakiwa kuchoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea nafaka, juu, katikati na chini, kisha alete sampuli thelathini.

Alileta thelathini. Zote zikatoka safi. Msimamizi wake, Daktari Gitari, ambaye husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, akatia sahihi, na Kailemia akakimbiza barua ya majibu nyumbani kabla wino haujakauka.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nasafisha meza nikaona vifuko vya sampuli zake ambazo hazikusagwa. Nikamwaga kimoja, cha pili, cha tano. Punje zote nono, zinang'aa, hakuna iliyovunjika, hakuna hata tundu la fukusi. Mimi ni mtoto wa mkulima. Gunia moja la namna hiyo sijaliona, sembuse thelathini. Nikafungua kabati. Bambo lilikuwa bado kwenye karatasi yake ya dukani.

Kailemia alipoingia nikamuuliza. Hata haya hakuona.

"Madam, nilifika nikakaribishwa chai. Mum na wenzake wakasema watanitolea wenyewe. Wakachagua, wakanipea mfuko moja. Nikagawanya nikifika hostel."

Akina mama siwalaumu hata kidogo. Kwetu mgeni hapewi mahindi mabovu. Walikaa na nyungo zao wakachambua punje kwa punje, wakampa daktari wao yaliyo bora kabisa ghalani. Hawakujua kwamba aliyafuata yale mabovu. Yeye alijua. Alisomeshwa miaka minne ajue hilo, kisha akanywa chai na kunyamaza.

"Na yale magunia, nani ameyapima?"

"Si results ni clean? Madam, usiniharibie. Graduation ni next month."

"Nikikuletea unga wa gunia lolote kati ya hayo, utakunywa uji wake hapa mbele yangu?"

Akatazama sakafu. Kumbe hilo pia alilijua.

Nikamwamuru apige simu nyumbani, tena aweke spika. Sauti ya mama yake ikajaa maabara, ikianza na salamu ya Kimeru.

"Muga, daktari wetu! Barua yako imesomwa kanisani jana, watu wakapiga makofi. Saa hii tuko hapa nasari, uji iko kwa moto. Watoto wameshika vikombe tayari."

Nilimtazama Kailemia. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, na haikuhitaji shahada. Alilamba midomo. Nilimwona akipima, kwa mara ya kwanza tangu aanze huo utafiti wake.

"Sawa mum," akasema. "Nilikuwa nakusalimia tu."

Akakata.

Nimewadharau watu wengi maishani, sifichi, lakini sijawahi kutamani kutema mate kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Nilimpokonya simu nikabonyeza jina lile lile.

"Eee, daktari?" mama akapokea akicheka, na nyuma yake nikasikia vikombe vikigongana.

"Hakuna daktari hapa, mama," nikamwambia. "Epua hiyo sufuria, umwage."