Nyumba ya Kwanza Kuuguza, Kashozi

Mimi ni Mkerewe wa visiwa vya Muleba, na Bukoba niliingia nikinuka samaki. Nasema mwenyewe kabla wengine hawajasema. Mume wangu alikuwa amekufa kwa silimu, kama tulivyouita ukimwi miaka ile, na dagaa niliokuwa nikianika hawakutosha kunilisha. Nikasikia kwamba misheni ya Kashozi kuna muuguzi anayefundisha wanawake kuuguza watu wazima majumbani.

Alikuwa Mhaya, mjane wa vita, mkali kweli. Wenzake walimwambia hakuna Mhaya atakayekubali kuogeshwa na mtu wa visiwani. Akaniandikisha hivyo hivyo. Sharti lilikuwa moja: nyumba ya kwanza ikinikubali, naajiriwa, ikinikataa, narudi kuanika dagaa.

Ilikuwa nyumba ya mama mmoja na binti yake mgonjwa, mwanamke wa rika langu aliyewahi kuuza vitenge mpakani. Nilipoketi tu, mama akaniletea kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya humkaribishia mgeni azitafune. Mimi buni nilizijua za kuuza tu. Tena darasani tulikatazwa kula chochote kwa mgonjwa, maana nyumba nyingi zilikuwa na njaa. Nikakataa kwa adabu zote, nikijiona mwanafunzi bora.

Mama akafunika kikapu chake. Jioni akaenda misheni.

"Nileteeni mtu mwingine," alimwambia mwalimu. "Huyu munyamahanga, mtu wa kuja, anaogopa hata kikapu chetu. Anadhani tutamwambukiza."

Asubuhi mwalimu alinirudisha mwenyewe, kwa miguu. Tulipofika alipiga magoti, nami nikapiga.

"Kasinge, waitu," alimsalimu mama. "Kosa ni la darasa langu, si la huyu. Kwao hawana desturi hii." Kisha akanigeukia. "Tafuna."

Nikatafuna. Zilikuwa chungu, na mama alinitazama mdomoni mpaka nikameza. Ndipo akaenda kuleta maji ya moto ya kumwogeshea binti yake.

Nilikwenda kila siku. Majirani walimsalimu mama, mimi wakanipita kama jiwe. Upweke ule nisingemtakia adui yangu. Aliyezungumza nami ni mgonjwa tu. Alinifundisha Kihaya, akayacheka matamshi yangu, na alitaka niajiriwe kuliko nilivyotaka mwenyewe.

"Wasipokuajiri nitawatokea usiku," alisema. "Kufa kwenyewe niko karibu, si shida."

Alifariki alfajiri moja, msimu wa kuchuma kahawa. Nilimwosha, nikamvika. Kisha wanawake wa ukoo wakafika, wakatandika nyasi sebuleni na kuketi msibani. Baadhi yao sikuwahi kuwaona hata siku moja alipokuwa akiumwa. Nilikuwa natafuta pa kukaa, mama akanishika mkono, akanisindikiza hadi nje. Hakunisukuma.

"Umefanya kazi yako vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa tuachie sisi ndugu."

Nililia njia nzima. Misheni nilimkuta mwalimu ananisubiri mlangoni. Mama alikuwa ametuma mtu kusema kwamba nyumba yake imenikubali, na nyumba nyingine ilikuwa tayari Kagondo. Nilimshukuru, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Nilikuwa nimepata kazi, na mtu pekee ambaye angefurahi nilikuwa nimemwosha asubuhi ile.