Safu ya Madhara

Kinyozi wa kiti cha tatu aliitwa Mkono Mwepesi. Wateja walimpa jina hilo enzi ambazo mtu aliweza kusinzia wembe ukiwa shingoni na kuamka mzima. Jina lilibaki, mkono ndio ulioondoka. Tangu aanze vidonge vya kunyamazisha sauti kichwani, miaka miwili sasa, vidole vilitetemeka kama vya mtu anayetafuta funguo gizani.

Sauti zilinyamaza, hilo lisemwe. Dawa ilifanya kazi iliyotumwa, ikajiongezea na nyingine isiyotumwa.

Kliniki ilikuwa kila baada ya miezi miwili, na Mkono Mwepesi aliiendea kama mtu anayekwenda ukweni: unaoga, unapiga pasi, huonyeshi shida. Hivyo wiki moja kabla ya kila miadi aliacha vidonge. Mkono ulitulia. Siku ya sita sauti zilianza kupiga hodi, lakini siku ya saba alikuwa ameketi mbele ya nesi, shati limenyooka, mikono imelala mezani kama paka wawili.

"Madhara yoyote ya dawa, kaka?"

"Hakuna, sista. Nashukuru."

Nesi, mwenye foleni ya watu sitini mlangoni, alishukuru kuliko yeye. Akaandika: Hakuna. Katika safu ya madhara kwenye kadi yake zikajipanga "Hakuna" kumi na mbili, safi kama meno ya kwenye tangazo.

Kisha siku moja, kazini, Mkono Mwepesi akamkata sikio mwalimu mstaafu. Kidogo tu, ila sikio lina damu nyingi kuliko hadhi yake. Mwenye duka la kunyoa alimfunga mwalimu taulo, akamvuta kinyozi wake pembeni.

"Nakupenda kama ndugu. Lakini watu wanakuja hapa kupunguza nywele, si viungo. Nakupa wiki mbili, niletee karatasi ya hospitali inayosema mkono utatulia. Jumatatu. La sivyo kiti nampa mwingine."

Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti kile. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua, wala mkono mwingine.

Dada yake, aliyekaa naye, alimbana mpaka akaungama habari za ile wiki moja. "Safari hii utameza mpaka asubuhi ya kliniki," akasema. "Katetemeke mbele yao. Usijifanye bwana harusi."

Alitetemeka. Alipotia saini daftari la mahudhurio, saini ilivuka mistari mitatu. Nesi akautazama mkono, akaitazama kadi. Kadi haikutetemeka.

"Miaka miwili dawa ileile, madhara hakuna. Leo ndiyo yanaanza? Hii si dawa. Unakunywa pombe?"

"Sigusi, sista."

"Mwambie," akasema dada, aliyekuwa amemsindikiza, "au namwambia mimi."

Akasema yote. "Nilikuwa naona aibu kuja kwako hivi."

Nesi aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwema, na hilo halikusaidia. "Pole, kaka. Lakini mgonjwa anayejiachisha dawa hapewi tena vidonge. Ndio utaratibu. Anachomwa sindano moja inayodumu mwezi mzima."

"Na mkono?"

"Dawa ni ya aina ileile, ila hii huwezi kuiruka. Madhara tunaanza kuyafuatilia upya. Daktari atayatazama baada ya miezi mitatu."

"Mimi nina mpaka Jumatatu."

"Jumatatu hatuna kliniki," nesi akasema kwa upole, akafungua kadi mpya.

Jumatatu, sindano ikiwa imeshakolea, alimkabidhi mwenye duka kadi ile. Mwenye duka aliisoma mara mbili, akitafuta neno la kumwokolea mtu wake.

"Madhara: yatafuatiliwa. Miezi mitatu." Akainua macho. "Ndugu yangu, hapa hawajasema utatulia."

"Hawajasema."

"Nipe wembe."

Akampa. Kisha akakipangusa kiti, akachukua shuka la wateja alikunje. Pembe hazikukutana. Akajaribu tena. Mwenye duka aligeuka kuangalia barabarani mpaka kinyozi wake alipomaliza.